Vinasaba na wanyamapori wa Kanda ya Kati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila sisi tunaosoma vinasaba vya wanyamapori tunapokaa na watu wa Chemba, Bahi, Kondoa na Manyoni. Mengine hutoka kwa askari wa wanyamapori, waendesha mashtaka na wanafunzi wa hapa Dodoma. Tumeyaacha karibu na maneno ya waulizaji wenyewe.

Vinasaba ni nini, na mnavipata wapi kwa mnyama?

Vinasaba, au DNA kama wengi wanavyosema, ni maelekezo ya urithi ambayo kila kiumbe hupewa na wazazi wake. Vimo kwenye damu, ngozi, shina la unywele, mate, mfupa, pembe, na hata kwenye seli za utumbo zinazotoka pamoja na kinyesi.

Kwa kazi yetu tunavigawa mara mbili. Vya kwenye kiini cha seli hutoka kwa baba na mama, na ndivyo vinavyotuwezesha kumtofautisha tembo mmoja na mwenzake. Vya mitokondria, yaani vijumba vya nguvu vilivyo ndani ya seli nje ya kiini, hutoka kwa mama peke yake. Hivi vya pili viko kwa mamia hata maelfu ya nakala katika seli moja, kwa hiyo hupatikana hata kwenye sampuli iliyochakaa, kama nyama iliyopikwa au mfupa wa zamani. Ila haviwezi kumtaja mnyama mmoja mmoja, maana watoto wote wa mama mmoja wanavyo vilevile. Ndiyo maana kabla ya kupima chochote tunauliza kwanza: tunatafuta aina ya mnyama, au tunamtafuta mnyama mwenyewe?

Kwa nini mnaokota mavi ya tembo?

Kwa sababu tukiyapata hatuna haja ya kumfukuza tembo, kumpiga sindano ya usingizi wala kumsogelea. Kinyesi kikipita kwenye utumbo hutoka na seli za ukuta wake, na seli hizo hubaki kwenye ute wa juu wa bonge. Huo ute ndio tunaoutaka. Majani yaliyotafunwa ndani ya bonge hayatusaidii kumjua tembo, ingawa anayechunguza chakula chake atayahitaji.

Kazi yenyewe huanza alfajiri. Ukifika kwenye kinyesi unavaa glavu mpya, unatazama kama ute bado unang'aa, na unachagua bonge lililoangukia kivulini. Jua la Dodoma ni adui mkubwa: mionzi yake huvunjavunja vinasaba, na kufika saa sita mchana bonge lililoachwa wazi limekauka na kupasuka juu. Kwa kijiti safi unakwangua ute wa nje, kiasi cha kijiko cha chai, unautia kwenye chupa yenye spiriti ya maabara, unatikisa. Kijiti kinatupwa kwenye mfuko wa taka, glavu nazo pia, hata kama kinyesi kinachofuata kiko hatua tano mbele. Jina la sampuli linaandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka spiriti ikimwagika. Halafu unaandika majira ya GPS, tarehe, saa, na mzingo wa bonge, maana mzingo huo hukadiria umri wa tembo.

Pakiwa na marundo mawili yaliyogusana, tunayaacha yote. Sampuli yenye tembo wawili ndani yake hutoa tembo wa tatu ambaye hayupo, na kosa hilo likishaingia kwenye hesabu ni vigumu kuliona.

Tembo wanaopita Chemba na Bahi wanatoka Ruaha au Tarangire?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, hasa na wakulima waliopoteza mahindi au uwele kwa usiku mmoja. Tembo wamewahi kufika hadi eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa hiyo si jambo la vijiji vya mbali tu.

Kanda yetu iko katikati ya makundi makubwa mawili. Kusini na magharibi kuna mfumo wa Ruaha na Rungwa, pamoja na mapori ya akiba ya Kizigo na Muhesi. Kaskazini kuna Tarangire. Katikati, upande wa Kondoa na Chemba, yako mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero, na ushoroba, yaani mapito ya wanyama, kati ya Muhesi na Swagaswaga unajulikana kwa watafiti na kwa wenyeji. Makundi yakikaa mbalimbali kwa vizazi vingi, baadhi ya alama za vinasaba huwa za kawaida upande mmoja na adimu upande mwingine. Ukiwa na sampuli za kutosha kutoka pande zote mbili, unaweza kuchukua sampuli ya tembo wa Chemba na kukadiria inafanana zaidi na upande upi.

Lakini tuwe wakweli kuhusu kipimo hiki. Ramani ya vinasaba iliyotengenezwa kufuatilia meno ya tembo barani Afrika hukadiria asili ya tembo kwa umbali wa kilomita 300 hivi. Inafaa sana kutenganisha Tanzania na Kameruni. Kutenganisha Ruaha na Tarangire kunahitaji sampuli nyingi zaidi za hapahapa na alama nyingi zaidi, na kama makundi hayo yamekuwa yakichangamana kupitia kwetu, basi mpaka wenyewe utakuwa hafifu. Mpaka hafifu nao ni jibu zuri. Unatuambia kuwa tembo wamekuwa wakipita hapa na kuzaana na wa upande wa pili, kwa hiyo ushoroba huo unafanya kazi.

Pia kinyesi hueleza jinsia. Madume huondoka kwenye familia zao wakikomaa na kwenda mbali. Majike hubaki na mama zao. Tukiona kuwa wanaofika mashambani ni madume watupu, ushauri wa namna ya kuwazuia utakuwa tofauti na pale familia nzima inapohama.

Wanyama si wapo hifadhini? Wakikosa mapito wana hasara gani?

Hasara yake haionekani mwaka huu wala mwaka kesho, na ndiyo sababu ni rahisi kuipuuza. Mfano unaofundishwa duniani kote unatoka hapa nchini, bonde la Ngorongoro. Mwaka 1962 nzi wanaouma walizaana kupita kiasi baada ya mvua nyingi, na simba wa bondeni wakafa hadi wakabaki wapatao kumi. Madume wachache waliingia kutoka nje miaka iliyofuata, kisha mlango ukafungwa. Vizazi vilivyokuja vilitokana na wazazi haohao wachache, na watafiti walipopima walikuta tofauti za vinasaba zimepungua na mbegu za madume zina kasoro nyingi kuliko za simba wa Serengeti. Simba wenyewe ukiwatazama ni wakubwa na wanapendeza. Huwezi kuyaona hayo kwa darubini ya mtalii.

Twiga nao wanatufundisha. Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Mtanzania, Dkt. George Lohay, ilionyesha kuwa twiga wa Kimasai wa pande mbili za Bonde la Ufa la Gregory hawajazaana kwa zaidi ya miaka 1,000, ingawa kwa ramani wako karibu. Miteremko mikali imewatenganisha. Sisi wa Dodoma tunalijua bonde hilo vizuri: ukuta wake ndio unaoupanda ukitoka Bahi kwenda Manyoni. Maana yake ni kwamba huwezi kuwajumlisha twiga wote wa Kimasai katika hesabu moja na kujifariji kuwa ni wengi. Ni makundi mawili, kila moja dogo kuliko tulivyodhani, na kila moja linahitaji mapito ya upande wake. Ukuta wa bonde uliwekwa na maumbile. Uzio, barabara na mashamba tunayoyaongeza ndani ya pande hizo ni uamuzi wetu, na hapo ndipo tunapoomba mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji isomwe pamoja na ramani za shoroba.

Nyama ikishakaushwa au kupikwa, mtajuaje ni ya nyamapori?

Nyama ikiwa na ngozi, kwato au pembe, ofisa mzoefu ataitambua kwa macho. Ikishakatwa minofu, digidigi anafanana na mbuzi, na nyati anafanana na ng'ombe. Hapo ndipo maabara inapoingia. Huchukuliwa kipande kidogo, vinasaba vinatolewa, kisha sehemu fupi ya mitokondria inazidishwa kwa mashine ya PCR. Mbinu hiyo aliibuni Kary Mullis mwaka 1983: kila mzunguko huongeza nakala maradufu, na mizunguko 30 hutoa zaidi ya bilioni moja kutokana na moja. Mpangilio unaopatikana hulinganishwa na ule wa wanyama wanaojulikana.

Kukausha juani hakufichi kitu. Ukavu husaidia kuhifadhi. Kupika huvunja vinasaba vipande vipande, lakini vipande vifupi huwa vinatosha. Nyama iliyoungua hadi kuwa mkaa ndiyo inayotushinda.

Kipimo hiki kinasema ni mnyama gani. Hakisemi aliuawa lini, wapi, wala na nani. Kwa kuwa siku hizi kuna mabucha halali ya nyamapori, kumkuta mtu na nyama ya pofu hakutoshi kumwita jangili. Kuna nyaraka za kuangalia.

Basi majibu ya vinasaba yanatosha kumfunga mtu?

Hapana, na tunalisisitiza hili kwa askari kila tunapokutana. Kesi za kupatikana na nyara za serikali ni nzito; vifungo vya miaka 20 jela ni vya kawaida. Kwa uzito huo, kila mkono uliogusa kielelezo lazima ujulikane: nani alikikamata, nani alikifunga lakiri, nani alikipeleka maabara inayotambuliwa kisheria, kama ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na nani alikipokea. Pakiwa na pengo, majibu mazuri ya maabara hayaokoi kesi.

Nyama huoza, kwa hiyo mara nyingi hakimu huombwa kibali cha kuiteketeza. Mahakama ya Rufani imesema wazi kwamba mshtakiwa awepo na asikilizwe kabla amri hiyo haijatolewa. Ushauri wetu ni kwamba sampuli ichukuliwe na kufungwa lakiri kabla ya kuteketeza, mbele ya mshtakiwa, na nyingine ibaki akiba iwapo upande wa utetezi utataka kipimo cha pili. Kipimo hiki kinamlinda pia mtu aliyekamatwa na nyama ya mbuzi wake. Kwetu hilo lina thamani sawa na kumtia hatiani jangili wa kweli.

Meno yanayokamatwa Asia yanawezaje kuihusu Manyoni?

Yanaihusu sana. Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009. Sensa ya 2014 ilikuta kama 43,000. Wakati huo Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walikuwa wakipima shehena kubwa za meno zilizokamatwa sehemu mbalimbali za dunia. Kipande kidogo cha jino hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika na kusagwa kikiwa kimeganda, kwa sababu joto la kusaga kawaida lingeharibu vinasaba. Kisha alama zake hulinganishwa na ramani iliyojengwa kwa sampuli za kinyesi na ngozi kutoka nchi nyingi. Ndiyo, kinyesi kilekile ambacho watu hushangaa tukikiokota.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa meno mengi ya tembo wa savana yalitoka Selous na Niassa, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, na kwamba kuanzia 2011 uwindaji ulianza kusogea kuelekea Ruaha na Rungwa. Taarifa ya namna hiyo inamwambia mkuu wa doria apeleke watu wapi.

Utafiti wa 2018 ulikwenda mbali zaidi. Wafanyabiashara wa meno ya magendo mara nyingi hutenganisha meno mawili ya tembo mmoja. Wataalamu walikuta jozi nyingi ambazo jino moja lilikamatwa kwenye kontena hili na la pili kwenye kontena lingine, yote yamepita bandari moja ndani ya miezi isiyofika kumi. Hiyo ni alama ya mtandao uleule. Mwaka 2022 walitumia hata undugu: mzazi na mtoto, kaka na dada. Walipima meno 4,320 kutoka shehena 49, na makontena yaliyoonekana kuwa kesi tofauti yakaungana kwa wahalifu wachache. Jangili aliyeko porini hubadilishwa kesho yake. Msafirishaji mkubwa si rahisi kubadilishwa, na bila vipimo hivi angeshtakiwa kwa kontena moja tu.

Mbona Ruaha kuna tembo majike wasio na meno kabisa?

Wapo tembo wanaozaliwa hivyo popote, ila wachache. Majangili wakiua wenye meno kwa miaka mingi, wasio nayo ndio wanaobaki kuzaa. Jambo hili lilichunguzwa kwa kina Gorongosa, Msumbiji, ambako vita vya 1977 hadi 1992 viliangamiza zaidi ya asilimia 90 ya tembo. Majike wasio na meno walitoka asilimia 18.5 hadi 50.9. Utafiti wa 2021 uliikuta sababu kwenye kromosomu ya X, ikiwamo jeni iitwayo AMELX inayohusika na ukuaji wa meno. Jike akirithi hali hiyo haoti meno. Dume akiirithi hafiki kuzaliwa, na ndiyo sababu huwaoni madume wa namna hiyo.

Tafakari uzito wake: mama asiye na meno huweza kupoteza nusu ya watoto wake wa kiume tumboni. Ujangili unaendelea kuwaumiza hata tembo ambao mimba zao hazijatungwa.

Mnabadilisha vinasaba vya wanyama wetu?

Hatubadilishi. Tunasoma tu, na mnyama anabaki kama alivyo.

Sisi ni wafugaji. Haya yanatuhusu nini?

Magonjwa hayajui mpaka wa hifadhi. Mwaka 1994 karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa, wengi wakitetemeka na kukakamaa. Uchunguzi wa vinasaba vya kirusi ulionyesha ni distempa ya mbwa, na kirusi kilifanana na cha mbwa wa kufugwa. Baadaye ikabainika kuwa ukame na vimelea vinavyoenezwa na kupe vilizidisha vifo. Kichaa cha mbwa nacho, ukipanga virusi kwa ukoo wao, unaona mbwa wetu wa nyumbani ndio wanaoendeleza ugonjwa. Kwa hiyo mfugaji anayepeleka mbwa wake kuchanjwa anawalinda watoto wake, na papo hapo anawalinda mbwa mwitu.

Karibu zaidi na sisi, mradi wa HALI wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu cha California, Davis, umechunguza kifua kikuu cha ng'ombe katika mifugo na wanyamapori wa mazingira ya Ruaha. Maziwa yachemshwe. Hilo halihitaji maabara.

Na samaki wa mabwawa ya Mtera na Hombolo?

Sato si wa asili ya mto Ruaha Mkuu. Wamepandikizwa katika mabwawa mengi ya Tanzania, na vinasaba vimethibitisha kuwa huzaana na perege wa asili. Chotara kwa macho huwezi kumtambua kwa uhakika. Ombi letu kwa wafugaji wa samaki: msimwage bwawani mwa umma vifaranga vilivyobaki.

Mnaweza kuwarudisha wanyama waliotoweka?

Ni rahisi zaidi kuwazuia wasitoweke. Faru weupe wa kaskazini wamebaki majike wawili, Najin na Fatu, walioko Ol Pejeta nchini Kenya. Sudan, dume wa mwisho, alikufa Machi 2018. Wataalamu wametengeneza viinitete na wanajaribu kuvipandikiza kwa faru weupe wa kusini. Tunawaombea wafanikiwe, lakini tazama gharama na miaka inayotumika kwa wanyama wawili.

Vyura wa bonde la Kihansi, hapa nchini, wana habari njema zaidi. Walipotea porini kwenye miaka ya 2000, wakati maporomoko yao yalipopungukiwa maji baada ya bwawa la umeme na kuvu wa ngozi akagundulika bondeni. Kwa bahati, baadhi walikuwa wamepelekwa kuzalishwa katika bustani za wanyama za Marekani, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Kuvu huyo hupimwa kwa PCR, kwa pamba inayopitishwa taratibu kwenye tumbo la chura huyo mdogo sana.

Nikikuta mfupa, pembe au kinyesi porini, niwaletee?

Usiokote. Mfupa na pembe ni nyara za serikali, na nia njema si kinga mahakamani. Piga picha, kumbuka mahali, toa taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au kwa mwenyekiti wa kijiji. Watafiti wenyewe huhitaji vibali kupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na sampuli za wanyama walio kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hazivuki mpaka bila hati zake.

Kwa nini majibu huchelewa?

Sampuli ya kinyesi hupimwa zaidi ya mara moja, kwa sababu vinasaba vyake ni vichache na vimechakaa. Kipimo kimoja huweza kuona alama ya baba na kukosa ya mama. Pamoja nazo hupimwa chupa tupu isiyo na sampuli. Hiyo ikitoa majibu, maana yake kuna uchafu umeingia, na kundi zima linarudiwa. Kemikali nyingi huagizwa nje na zinataka ubaridi njia nzima. Askari akituuliza tumefikia wapi, tunamwambia kazi iko hatua gani, na hatumpi jibu la nusu.

Binti yangu yuko kidato cha nne na anaipenda kazi hii. Apitie wapi?

Achukue Fizikia, Kemia na Baiolojia, au Kemia, Baiolojia na Jiografia, na hesabu asiziache, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yetu siku hizi hufanyika kwenye kompyuta. Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Sokoine vina masomo ya baiolojia na wanyamapori. Mweka hufundisha usimamizi wa wanyamapori, na Pasiansi, Mwanza, huandaa askari. Akiweza, aombe kujitolea na timu ya uwandani wakati wa likizo ya Juni. Kiangazi huwa kimeanza, njia za Swagaswaga zinapitika, na watu wa kuandika lebo huwa hawatoshi.